Tuwafundishe Wanafunzi Ngazi za Uraibu, Tusiwatishe

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili kwamba akivuta bangi mara moja tu atakuwa chizi. Ataamini hadi siku atakayosikia kuwa mwenzake alivuta Jumamosi, kisha amwone Jumatatu darasani akijibu maswali kama kawaida. Tangu hapo hata onyo la kweli halimwingii.

Ukweli ni kwamba si kila anayejaribu huwa mraibu. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa kati ya watu waliowahi kuvuta tumbaku, takriban mmoja kati ya watatu alifikia utegemezi. Kwa heroini alikuwa karibu mmoja kati ya wanne, na kwa bangi mmoja kati ya kumi na mmoja. Hakuna anayeweza kujua mapema kama atakuwa yeye. Linalojulikana ni kwamba anayeanza akiwa kijana mdogo yumo hatarini zaidi, maana sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia tamaa, hukomaa mtu akikaribia miaka 25.

Uraibu huanzia katika mfumo wa ubongo unaotufanya turudie mambo yenye faida kama kula. Mwaka 1954 watafiti James Olds na Peter Milner, wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, waligundua kuwa panya akipewa wenzo unaosisimua sehemu fulani za ubongo wake kwa umeme, huubonyeza tena na tena. Kemikali kuu katika mfumo huo ni dopamini, inayouagiza ubongo: kumbuka hili, lirudie. Dawa za kulevya huimwaga kwa wingi kuliko chakula au ushindi wa mpira.

Ubongo nao hujihami kwa kupunguza mwitikio wake. Huo ndio usugu: kete iliyotosha mwezi uliopita sasa haitoshi, na mambo yaliyomfurahisha kijana, yakiwemo masomo na michezo, yanapoteza ladha.

Ngazi inayofuata ni utegemezi wa mwili. Anayetumia heroini akiikosa kwa saa 8 hadi 24, arosto huanza: makamasi, jasho, kuhara, maumivu ya viungo, usiku bila usingizi. Hapo havuti tena ili astarehe, anavuta ili asiumwe. Uraibu wenyewe ni zaidi ya arosto. Mwili unaweza kutulia baada ya wiki moja au mbili, lakini kijiwe kilekile au rafiki yuleyule huamsha hamu upya hata baada ya miezi. Akirudia kipimo chake cha zamani wakati usugu umeshashuka, anaweza kufa.

Hizi ndizo ngazi za kuchorwa ubaoni: kujaribu, mazoea, usugu, utegemezi, uraibu. Mwalimu awaulize wanafunzi dalili za kila ngazi, na mahali ambapo kurudi nyuma bado ni rahisi. Mtoto anayejua kwamba kuhitaji zaidi ya jana ni dalili ana nafasi ya kushtuka mapema kuliko aliyeonyeshwa tu picha ya teja aliyelala mtaroni.

Somo lieleze pia kuwa uraibu unatibika. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mwaka 2011, na wapo waraibu waliorudi kwenye kazi na familia zao kupitia tiba hiyo. Mwanafunzi asiyelijua hilo atamficha mwenzake aliyenasa, akidhani amekwisha.

Walimu na wakuu wa shule, mtoto akikiri kwamba ametumia, viboko na barua ya kumfukuza vitampeleka moja kwa moja kijiweni. Mkutanisheni kwanza na mshauri na mzazi wake.