Mateka Watatu Waliotoroka ili Wapande Mlima

Wahenga wametuambia kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kila aliyewahi kupanda jahazi anaijua maana yake. Hata ukienda nyuma ya chombo, hata ukienda mbele, mwisho utarudi pale pale katikati ulipotoka. Methali hii ni ya mabaharia, lakini kiko kisa kinachoifaa sana ambacho kilitokea mbali kabisa na bahari, katika mji wa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, mwaka 1943. Watu watatu walitoka gerezani kwa hila, wakapata tabu za kila namna kwa siku kumi na nane, kisha wakarudi gerezani kwa miguu yao wenyewe.

Msomaji atauliza: ni mfungwa gani huyo anayetoroka halafu akarudi? Na alikwenda kutafuta nini?

KAMBI YA NANYUKI

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Waingereza waliwashinda Wataliana katika Uhabeshi mwaka 1941. Maelfu ya Wataliana, askari na raia waliokuwa watumishi wa serikali yao, walichukuliwa mateka na kuletwa Kenya. Mkuu wao, Mtawala wa Aosta, alisalimu amri huko Amba Alagi mwezi wa Mei mwaka huo, akafa Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa bado mateka. Kaburi lake liko Nyeri, katika kanisa la kumbukumbu la Wataliana, na mpaka leo jamaa wa waliokufa vitani hulizuru.

Mmoja wa mateka hao alikuwa Felice Benuzzi. Alizaliwa Vienna mwaka 1910, akakulia Trieste, mji wa bandari, na katika ujana wake alikuwa muogeleaji aliyeiwakilisha nchi yake mashindanoni. Kazi yake Addis Ababa ilikuwa ya ofisini. Alipofikishwa katika Kambi Nambari 354 ya Nanyuki, mvua na mawingu vilikuwa vimeziba kila kitu. Siku moja mawingu yakafunguka, akauona mlima mbele yake, mweusi chini na mweupe juu. Tokea siku hiyo hakuwa na raha.

Maisha ya kambini, kwa maelezo yake mwenyewe aliyoyaandika baadaye, yalikuwa ya kuua moyo. Chakula kilikuwapo na kitanda kilikuwapo, lakini kazi haikuwapo. Hapana aliyejua vita vitakwisha lini. Watu walihesabu siku, wakagombana kwa mambo ya kitoto, na wengine wakaanza kupotewa na akili. Kutoroka kabisa kulikuwa jambo lisilowezekana. Nchi iliyokuwa karibu ambayo haikuwamo vitani ilikuwa Msumbiji, chini ya Wareno, na safari yake inapita kilomita elfu moja. Benuzzi akasema moyoni mwake: ikiwa siwezi kwenda kwetu, basi naweza kwenda pale juu.

UFUNGUO WA LAMI

Jambo la kwanza lilikuwa kupata wenziwe, maana kama tunavyojua sote, safari huharibika au hutengenea kwa wenzi. Aliowaambia mwanzo walimcheka. Mwishowe akawapata wawili. Wa kwanza ni Giovanni Balletto, daktari aliyekwisha kupanda milima kwao. Wa pili ni Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwa mpanda milima hata kidogo, lakini alikuwa mcheshi na mwenye moyo, na wenziwe kambini walimwona kama mtu asiye na akili timamu. Benuzzi akaona kwamba kwa jambo kama hili mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa.

Vifaa hawakuwa navyo, na duka la kununua hakuna. Basi walifanya kama wanavyofanya mafundi wetu wa gereji: kila kilichotupwa kilikuwa na kazi. Nyundo ziligeuzwa mashoka ya kukatia barafu. Chuma chakavu cha madigadi ya motokaa kilifuliwa kikawa njumu za kufunga chini ya viatu, ili mguu usiteleze kwenye theluji. Kamba zilitokana na katani iliyofungia vitanda. Mablanketi yalishonwa yakawa nguo za baridi. Sigara, ambazo kambini zilikuwa ndizo fedha, walijinyima wakazibadilisha kwa vitu. Chakula walikificha kidogo kidogo, mkebe leo na biskuti kesho, kwa miezi mingi.

Ramani nayo hawakuwa nayo. Kilichokuwapo ni picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Picha hiyo ya dukani ndiyo iliyokuwa dira yao. Nahodha atakayesikia kwamba mtu amesafiri kwa picha ya mkebe atashika kichwa.

Ulibaki mlango. Bustani ya mboga ya kambi ilikuwa na lango lake, na lango lina ufunguo. Ulipopatikana kwa dakika chache, waliukandamiza kwenye kipande cha lami, na ile alama ikatumika kutengeneza ufunguo wa pili. Tarehe 24 Januari 1943 wakafungua lango, wakatoka na mizigo yao.

TABU ZA NJIANI

Januari ni majira ya kaskazi kwetu Pwani, na huko mlimani pia ni wakati wa ukavu. Kwa hiyo wakati waliuchagua vizuri. Mengine yote yaliwaendea upande.

Siku za mwanzo walisafiri usiku na kujificha mchana, kwa kuogopa kuonwa na watu wa mashamba. Mizigo ilikuwa mizito kupita kiasi, na miguu yao, iliyokaa muda mrefu bila ya kazi, haikuwa tayari. Wakaingia msituni wakifuata bonde la mto. Nao ule msitu si kichaka cha kuokotea kuni. Ni mahali pa tembo, vifaru, nyati na chui, na wao silaha yao ni yale mashoka ya barafu. Walikutana na wanyama wakubwa ana kwa ana, na kilichowaokoa ni kusimama kimya na kungoja mwenye njia apite.

Kisha Barsotti akaugua. Homa ilimshika tangu mwanzo wa safari, na kila walipopanda ndivyo hali yake ilivyozidi. Hapa ndipo urafiki unapopimwa. Wangeweza kurudi, na pengine ingekuwa busara. Mgonjwa mwenyewe hakutaka kuwa sababu ya kuvunja safari. Wakaendelea polepole mpaka walipopiga hema yao ya mwisho juu ya msitu, mahali penye baridi ya kukata mifupa. Barsotti akabaki hapo peke yake, mgonjwa na mwenye njaa, akiwangoja wenziwe bila ya kujua kama watarudi.

Benuzzi na daktari walikusudia kilele kikubwa kabisa, Batian, chenye mita 5,199. Walijaribu kwa upande wa kaskazini magharibi, ambao ni mgumu hata kwa mtu mwenye vifaa vya dukani. Miamba ilisimama kama ukuta, theluji ikaanza kuanguka, kamba ya katani ikalowa ikawa nzito na ngumu. Wakashindwa. Walishuka wakiwa hoi, na chakula kilikuwa kimekaribia kwisha.

Hata hivyo hawakukubali kurudi mikono mitupu. Tarehe 6 Februari walipanda kilele cha tatu kwa urefu, Lenana, chenye mita 4,985. Wakasimamisha bendera ya Italia waliyokuja nayo, wakaacha na chupa yenye majina yao ndani. Bendera ile ilionekana baadaye na wapandaji wengine. Kwa kuwa wakati ule bendera ya Italia ilikuwa ya adui, mtu aweza kudhani mshangao wao.

MAREJEO NI NGAMANI

Safari ya kurudi ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Chakula kiliwaishia kabla hawajafika, na njaa ya mlimani haina huruma. Tarehe 10 Februari walifika Nanyuki, wakaingia wenyewe kambini bila ya kukamatwa na mtu, wakajisalimisha.

Adhabu ya kutoroka ilikuwa siku 28 katika chumba cha peke yako. Kamanda Mwingereza alipokisikia kisa chao aliwafunga siku saba tu, kwa kuwa aliuheshimu ushujaa wao wa kimichezo. Huenda hizo zilikuwa siku saba walizolala vizuri kuliko zote.

Benuzzi alirejea kwao mwaka 1946, akatoa kitabu cha safari hiyo kwa Kitaliana mwaka 1947, na kwa Kiingereza mwaka 1952. Akawa mwanadiplomasia, akafa Roma mwaka 1988. Mwaka 1994 kisa hicho kikafanyiwa filamu. Ndiyo maana leo mgeni akifika Nanyuki na kuutazama mlima, hakosi mtu wa kumhadithia habari za Wataliana watatu.

WALIOBEBA MIZIGO

Sisi watu wa Pwani, tunaposoma habari hizi, tuna haki ya kuuliza swali moja. Je, katika historia ya mlima huu, watu wetu hawamo?

Wamo, tena tangu mwanzo. Mwaka 1849 mmisionari Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima kwa mbali kutoka Ukambani. Aliposema una theluji, wataalamu wa Ulaya hawakumsadiki. Mwaka 1887 Teleki, mtu wa Hungaria, aliondoka Pangani akaufikia na kupanda sehemu yake. Aliyemwongoza katika bara alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara Mswahili aliyezijua njia za Umasaini kabla ya Mzungu yeyote kuzichora.

Halafu mwaka 1899 akaja Mwingereza Halford Mackinder, aliyekifikia kilele cha Batian tarehe 13 Septemba pamoja na viongozi wawili wa milima kutoka Ulaya, César Ollier na Joseph Brocherel. Msafara wake ulikuwa wa watu 170. Wazungu sita, Wakikuyu 96, Wamaasai wawili wa kuonyesha njia, na Waswahili 66. Watu hawa, waliozoea joto la Pwani na kuvaa kanzu ya bafta, ndio waliopandisha mizigo mpaka mahali ambapo maji huganda usiku.

Tabu za msafara ule hazikuwa za kuchekesha. Mwaka huo nchi ilikuwa na njaa na ndui. Chakula kilipokwisha, watu walitumwa kukitafuta vijijini, na Waswahili wawili wakauawa. Tena, katika karatasi za msafara, wataalamu walikuja kukuta wapagazi wanane wametajwa kuwa walipigwa risasi kwa amri. Ni amri ya nani hasa, na kwa kosa gani, wenye elimu wangali wakibishana. Mackinder alirudi Uingereza akasifiwa. Vilele vikapewa majina ya Mbatian, laiboni mkuu wa Wamaasai, na ya jamaa zake Nelion na Lenana. Mabonde na barafu vikapewa majina ya Wazungu. Bonde moja linaitwa Hausburg, kwa jina la mwenzi wake Mackinder. Hapana hata jiwe moja lililopewa jina la mpagazi.

Tukiviweka visa viwili hivi pamoja, tofauti yake inauma. Benuzzi na wenziwe walitoroka kwa hiari yao, wakajaribu kilele wakashindwa, na majina yao yamekaa kwenye kitabu na kwenye filamu. Wapagazi wetu walikwenda kwa kutafuta riziki, baadhi yao hawakurudi, na wajukuu zao hawajui hata wamezikwa wapi. Benuzzi hana lawama katika hilo, kwani yeye aliandika yaliyompata. Lakini mtu asiyeandika, au asiyeandikwa na mwenziwe, hupotea kama nyayo pwani.

BENDERA YA PILI

Miaka ishirini baada ya bendera ya mateka, mwezi wa Desemba 1963, bendera nyingine ilipandishwa juu ya Lenana. Ilikuwa ya Kenya huru, na aliyeipandisha alikuwa Kisoi Munyao, kijana Mkenya. Jina lake halikupotea, kwa sababu siku ile nchi nzima ilikuwa ikitazama juu.

Mtu wa Mombasa, Lamu au Malindi anayetaka kuuona mlima huu leo hahitaji ufunguo wa lami. Njia za Naro Moru, Sirimon na Chogoria zinajulikana, waongozaji wapo, na safari ya Lenana huchukua kiasi cha siku nne au tano. Atahadhari na jambo moja: hewa ya juu ni nyepesi, na mtu aliyezoea usawa wa bahari akipanda kwa haraka huumwa na kichwa, hutapika, na hata maisha yake huweza kuwa hatarini. Polepole ndio mwendo. Tena asichelewe sana, kwa kuwa theluji ile aliyoiona Krapf inazidi kuyeyuka, na barafu kubwa ya Lewis imebaki kipande tu cha ilivyokuwa zamani za Mackinder.

Na kwa wale wasiokuwa na nia ya kupanda, iko kazi nyingine nyepesi. Katika nyumba zetu nyingi za Pwani hutajwa babu wa babu aliyekwenda bara na misafara. Wazee wanaoyashika majina hayo wanapungua kila mwaka. Aulizwe mzee angali hai: babu huyo akiitwa nani, alifuatana na msafara wa nani, alirudi au hakurudi? Kisha jibu liandikwe kwenye karatasi, na karatasi iwekwe mahali pa salama.