Tenki la maji juu ya mbao: uzito haukadiriwi kwa macho

Maji ya bomba Tunduma hayatoki kila siku, ndiyo maana nyumba nyingi zina tenki la plastiki uani. Tenki likikaa chini, maji hayana msukumo wa kufika bafuni. Hapo fundi huitwa ajenge mnara wa mbao, au tenki hupandishwa moja kwa moja darini. Je, mbao zitabeba? Zitabeba, mradi zipigiwe hesabu kabla ya kupigiliwa misumari. Lita moja ya maji ina kilo moja. Tenki la lita 1,000 ni sawa na madumu 50 ya lita 20, tani nzima, iliyokaa kwenye eneo la mita moja ya mraba hivi. Sakafu ya mbao ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 tu kwa mita ya mraba. Hata tenki la samaki la sebuleni, lenye maji ya kina cha sentimita 60, huikandamiza sakafu kwa kilo 600 kila mita ya mraba. Darini hali ni mbaya zaidi, kwani mbao za pale ziliwekwa kushikilia dari, basi.

Wapo watakaosema: la jirani limesimama miaka miwili, mbona halijaanguka? Miaka miwili si ushahidi wa kutosha. Mbao inayobeba mzigo usioondoka huendelea kupinda polepole, na wahandisi huihesabia takriban asilimia 60 tu ya nguvu inayoonyesha katika jaribio la muda mfupi. Watu wakijaa sebuleni huondoka jioni; maji hulala hapohapo. Juu ya hayo, tenki hufurika, bomba la kutolea huvuja, mvua za Novemba hadi Aprili hunyesha, na mbao iliyolowa hupoteza nguvu, huoza kwenye maungio na kukaribisha mchwa. Mpangilio nao una uzito wake. Mbao ya 2 kwa 6 ikisimamishwa wima huhimili mara tatu ya ile iliyolazwa, na ukinzani wake wa kupinda ni mara tisa. Umbali kati ya nguzo ukiongezwa maradufu, kwa uzito uleule katika kila mita, mbao hupinda mara 16. Mbao ileile, bei ileile. Tofauti ni jinsi ilivyopangwa.

Wengine wataona heri kuachana na mbao kabisa, wajenge kwa tofali. Sikubaliani. Tofali zilizopangwa bila nondo hazihimili kusukumwa kutoka ubavuni, na Mkoa wa Songwe, ulipo mji wa Tunduma, upo kwenye Bonde la Ufa: tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 lilifikia ukubwa wa takriban 7.4. Mnara wa mbao zilizotiwa dawa, zilizofungwa kwa bolti, wenye mbao za mshazari pande zote nne na miguu iliyosimama juu ya zege, una nafasi nzuri ya kuyumba bila kuanguka. Usiokuwa na mshazari unaweza kulala wote upande mmoja, tani ya maji ikiwa juu, na chini yake ndipo watoto huchezea na nguo hufuliwa.

Kabla ya kujaza tenki, mwite fundi anayejua hesabu hizi, kagua maungio kila masika, na ukiona mbao imepinda au imelainika, toa maji kwanza.