Kuusoma Upanga wa Kale

Upanga wa kale ni vitu vitatu vilivyokutana: bapa, mpini na ala. Mara nyingi kila kimoja kina umri wake na kwao kwake. Bapa huweza kuwa limefuliwa Ujerumani, mpini ukatiwa Muscat, kisha ala ikashonwa Zanzibar au Lamu miaka mingi baadaye, ile ya kwanza ilipooza kwa unyevu wa bahari. Kwa hiyo swali la kwamba upanga ni wa wapi na wa lini halina jibu la neno moja. Mjuzi huzitazama sehemu hizo moja moja kwanza, ndipo aseme zilikutanaje. Mchanganyiko huo si dosari. Ndio historia yenyewe ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako chuma, fedha, ngozi na mafundi vilisafiri kwa jahazi kama zilivyosafiri nguo na karafuu.

Kiswahili kimeweka majina ya silaha hizi kwa uangalifu kuliko vitabu vingi. Kitara ni upanga uliopinda. Feleji ni chuma kigumu kilicho bora, na pia upanga uliofuliwa kwa chuma hicho. Jambia ni kisu kipana kilichopinda, chenye makali pande mbili, kinachovaliwa kiunoni mbele. Sime ni ndefu kuliko kisu na fupi kuliko upanga, nayo ni silaha ya bara zaidi kuliko ya pwani. Wakusanyaji wa Ulaya wamezoea kuuita upanga ulionyooka wa Oman “kattara”, ilhali Waomani wenyewe huuita seif, na Mswahili akitaja kitara huwa anakusudia uliopinda. Vilevile “nimcha” ni jina la panga za Morocco na Algeria, lakini limebandikwa hata kwenye panga zinazodhaniwa kuwa za Zanzibar kwa sababu tu mipini yake inafanana kidogo. Jina lililoandikwa kwenye katalogi ya mnada si ushahidi. Ushahidi uko kwenye kitu chenyewe.

Upanga ulionyooka wa Oman hutambulika upesi. Bapa ni refu na jembamba, lina makali pande zote mbili na ncha iliyoviringika. Mpini ni mrefu, hauna kinga ya mkono, umevikwa ngozi au fedha, na kichwani mara nyingi una tundu la kupitishia kamba. Ulishikwa pamoja na ngao ndogo ya duara ya ngozi nene. Hadi leo huchezewa ngoma ya razha, ambapo wanaume huurusha juu na kuudaka, au huutikisa mpaka bapa likatetemeka kama ukuti penye upepo. Mtikisiko huo ni habari muhimu kwa mkusanyaji. Bapa linalotetemeka kwa urahisi, jepesi na laini tangu shinani, yaelekea lilifuliwa kwa ajili ya ngoma. Mabapa ya zamani ya vita huwa magumu zaidi karibu na mpini, na mengi yana mifereji miwili au mitatu iliyochimbwa katikati ili kupunguza uzito bila kupunguza nguvu.

Mabapa mengi ya namna hiyo yalitoka Solingen, mji wa Ujerumani uliofua panga kwa karne nyingi na kuziuza mbali. Alama yake mashuhuri ni mbwamwitu anayekimbia, iliyoanzia mji wa Passau na baadaye ikachukuliwa na mafundi wa Solingen. Asiyeijua hudhani ni mikwaruzo tu, maana mnyama mzima huchorwa kwa mapigo machache ya patasi: mstari wa mgongo, miguu, mkia, basi. Wakati mwingine mistari hiyo ilijazwa shaba ya manjano. Kwa kuwa alama hii ilikuwa dhamana ya ubora, wafuachuma wa Kaukasia waliiiga. Kule Sudan nako alama za mwezi mwandamo zilizokuja na mabapa ya Ulaya ziliigwa na wahunzi wa huko kwenye panga zao, ziitwazo kaskara. Kuona alama, basi, hakutoshi. Ukucha ukipitishwa juu ya alama ya kale huteleza, kwa sababu kingo zake zimelika sawasawa na uso wote wa bapa. Alama iliyogongwa juzi ina midomo iliyoinuka, na ukucha hukwama.

Jambia ndilo linalowavuta wengi, na ndilo linaloigwa zaidi. Lipo kwenye bendera ya Oman pamoja na panga mbili zilizopishana, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi na mila zake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Zanzibar na Lamu bwana harusi bado huonekana amevaa joho, kilemba na jambia, upanga mkononi. Jambia la Oman hutofautiana na la Yemen kwanza kwa ala. Ala ya Oman hukunjika karibu pembe mraba, lakini bapa halifiki huko. Ile ncha iliyoinuka ni tupu ndani na imewekwa kwa umbo tu. Ala ya kawaida ina pete nne zinazoishika na mshipi, na aina ya Saidi, iliyohusishwa na ukoo wa watawala, ina pete saba. Fedha hufumwa kwa nyuzi nyembamba juu ya ngozi, kazi ya subira ambayo macho huichoka kabla ya kuimaliza.

Fedha hiyo nayo ina asili yake. Masonara wengi waliyeyusha riale za Maria Theresa, sarafu ya Austria iliyozagaa Arabuni na pwani yetu. Karibu riale zote hizo zina mwaka 1780, mwaka aliokufa malkia huyo, hata zile zilizopigwa karne moja baadaye, kwa hiyo sarafu ikionekana imepachikwa kwenye pambo haithibitishi umri wa pambo. Sehemu 833 kati ya 1,000 za riale ni fedha. Ala iliyopigwa muhuri wa 925, kipimo cha biashara ya leo, karibu kila mara ni kazi mpya, hata kama muuzaji anasema ilikuwa ya babu wa babu yake.

Mpini wa jambia huhitaji macho mawili, moja la fundi na moja la sheria. Pembe ya kifaru ni nyuzi zilizoshikamana kama nywele zilizogandishwa, na ikiwa nyembamba hupitisha mwanga wa rangi ya asali. Pembe ya ng'ombe au nyati huwa na tabaka na kwa asili ina uwazi ndani. Pembe ya ndovu iliyokatwa kwa upana huonyesha mistari myembamba inayopishana, na mfupa una vitundu vidogo vyeusi. Plastiki haina chochote cha hayo, ila pengine mshono wa kalibu ubavuni. Kifaru na ndovu waliuawa kwa wingi kwa ajili ya mipini na mapambo kama haya. Mkataba wa CITES, unaotumika tangu 1975, unazuia biashara ya kimataifa ya pembe ya kifaru, na mwaka 1989 nchi wanachama zilikubaliana kuizuia ya pembe ya ndovu. Jambia lililorithiwa nyumbani likiwa na mpini kama huo halivushwi mpaka bila kibali, hata likiwa na miaka mia.

Sime ya Kimaasai haina fedha wala maandishi, na kwa sababu hiyo hudharauliwa sana na wanunuzi. Si haki. Bapa lake hupanuka kadiri linavyokaribia ncha, kama jani, ili uzito uwe mbele na pigo liwe zito. Mpini ni mfupi, umezungushiwa ngozi, na ala ni ya ngozi ngumu iliyopakwa rangi nyekundu. Sime ya Wakikuyu kwa kawaida ni nyembamba na ndefu zaidi, yenye mgongo ulioinuka katikati ya bapa. Chuma cha kigeni kilipozidi kuingia, wahunzi walifua upya tupa zilizokwisha, springi za magari na mapanga ya shamba. Kwenye sime iliyotokana na tupa, meno ya tupa huonekana kwa mbali likilazwa bapa chini ya mwanga wa pembeni, na nyingine, zilizotokana na mapanga ya shamba, bado zina alama ya mamba ya kiwanda cha Martindale cha Birmingham. Hizi ni za karne ya 20, lakini ni silaha za kweli zilizochukuliwa na morani. Ile yenye shanga hadi kichwani, bapa laini lisilowahi kunolewa, ilitengenezwa kwa ajili ya mtalii.

Mwanga wa pembeni ndio chombo bora cha mkusanyaji, na haugharimu kitu. Huonyesha mawimbi ya nyundo, makali yaliyopungua kwa kunolewa mara nyingi, na kutu ya kahawia iliyotulia, tofauti na ile ya rangi ya chungwa iliyopakwa kwa maji ya chumvi wiki iliyopita. Ala ya asili hulipokea bapa bila kulegea wala kubana. Jina la nchi kwa Kiingereza kwenye bapa kwa kawaida huashiria mwisho wa karne ya 19 au baada yake, kwani sheria ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa za kigeni ziandikwe zilikotoka. Picha za zamani husaidia pia: zile za Sultan Barghash wa Zanzibar na ujumbe wake walipozuru London mwaka 1875 zina tarehe isiyobishaniwa, na silaha iliyo mkononi huweza kulinganishwa na zile za pichani.

Kosa kubwa kuliko kununua bandia ni kusugua cha kweli. Msasa, au majivu na limau, huondoa kwa dakika kumi alama za mhunzi zilizodumu miaka mia mbili, na haziwezi kurudishwa. Chuma hufutwa kwa kitambaa laini chenye mafuta kidogo ya cherehani; mafuta ya nazi huchacha na kunata. Bapa halikai siku nyingi ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu. Jasho la mkono nalo huacha chumvi, hivyo upanga hushikwa mpinini na kufutwa kila baada ya kutazamwa.

Sheria ya Tanzania ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na ya Kenya ya 2006 vile vya kabla ya 1895. Kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Kabla ya hayo yote, daftari dogo hufungwa pamoja na upanga: uliuzwa na nani, ulikuwa wa nani, ulivaliwa harusi ipi, ala ilibadilishwa lini. Bapa husema lilikofuliwa, lakini majina ya waliolibeba halina pa kuyaandika.