Maji na Matumizi ya Ardhi Makutupora: Maelezo kwa Kupitia Neno Mbuga

Katika Kiswahili Sanifu, neno mbuga aghalabu humaanisha uwanda mpana wa nyasi. Katika nyanda za kati za Tanzania, na katika maandishi ya wataalamu wa udongo, maana yake ni finyu zaidi: ardhi ya bondeni yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambayo hutuamisha maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo si ya kileksika tu.

Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hivi za mvua kwa mwaka, katika msimu mmoja. Kwa sababu hiyo, mkulima hupanda uwele na mtama, mazao yavumiliayo ukame, naye mfugaji huthamini ardhi ya bondeni ambayo hubaki na unyevu baada ya miinuko kukauka.

Huko Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, yuko mdai wa tatu. Chini ya bonde mna maji yaliyohifadhiwa katika miamba ya itale iliyochakaa na kupasuka. Visima vyake vimekuwa kwa miongo kadhaa chanzo kikuu cha maji ya Dodoma, mji ulioamuliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi. Richard Taylor na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, walichambua kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji hayo. Walibainisha kwamba akiba hiyo hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa mno, mathalani ule wa El Niño wa 1997–98. Tafiti za baadaye zimeonyesha umuhimu wa vijito vya msimu, ambavyo maji hupenya katika mchanga wake.

Hapa ndipo penye mgogoro. Mkulima huhesabu msimu, mfugaji huhesabu kiangazi, ilhali jiji huchota kila siku kutoka katika akiba inayoweza kungoja miaka mingi kabla ya kujazwa tena. Aidha, kijito kikavu, ambacho machoni pa mpimaji ardhi hakina kazi, ndicho mlango wa maji hayo. Ramani inayoliita bonde zima "uwanda mtupu" huficha mbuga ya mfugaji na kijito cha jiji kwa pamoja, na kilichofichwa hugawiwa viwanja kwa urahisi. Kwa hiyo, kuingiza maana hizi za bara katika kamusi zetu ni sehemu ya kulinda maji yenyewe.