Filta za mafuta: Za petroli zaweza kusubiri, za dizeli hazingoji

Mwenye duka la spea anayetaka kuagiza mzigo mpya hana budi kujiuliza swali moja: ni nani siku hizi anayebadilisha filta ya mafuta? Mafundi wa zamani humwambia mteja kuwa ni lazima kila sevisi. Wauza magari humwambia kuwa gari la kisasa halina haja hiyo, filta yake ni ya maisha. Mteja naye hufuata ushauri ulio nafuu kwa mfuko wake. Kila upande una nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayokula mtaji wa mwenye duka na wa mwenye gari.

Kwanza tuelewane. Filta inayozungumzwa hapa ni ya petroli au dizeli, si ya oili. Ya oili hubadilishwa oili inapomwagwa, na hiyo haina mjadala.

Enzi za kabureta, filta ilikuwa kikopo kidogo cha plastiki kwenye bomba la mafuta. Mwenye gari aliuona uchafu kwa macho yake, akanunua nyingine, akaibadilisha mwenyewe. Zikaja petroli za injekta, mathalani Corolla za mwanzoni mwa miaka ya 1990, zenye filta ya chuma ndani ya boneti. Hiyo nayo ilifikika kwa spana, na wenye maduka walizoea kuiweka kwa makatoni.

Magari yaliyofuata yalibadilisha hesabu. Katika Vitz, IST na ndugu zao wengi, filta imeingizwa ndani ya tangi la mafuta pamoja na pampu. Ni kubwa kuliko ile ya zamani, na aghalabu huwekwa ndani ya tangi la plastiki lisiloota kutu. Makampuni mengi hayakuipangia filta hiyo kilomita za kubadilishwa. Ili kuifikia, fundi hung'oa kiti cha nyuma, hufungua mfuniko na kulitoa dude zima huku mvuke wa petroli ukimpanda usoni. Si kazi ya kufanyia chumbani wala karibu na mtu anayevuta sigara.

Kwa hiyo mwenye IST anayeambiwa abadilishe filta kila sevisi anatozwa fedha bure. Hata hivyo, "ya maisha" haina maana ya milele. Aliyepanga maisha hayo alifikiria petroli safi inayotoka kwenye pampu ya kituo, si ile iliyolala kwenye pipa au dumu kijijini. Tena wengi wetu huendesha taa ya mafuta ikiwaka, tunaongeza ya kufika kazini tu. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli hiyo hiyo inayoizunguka. Tangi likikaa tupu, pampu hupata joto, na filta ikiwa imeziba pampu hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mwisho wake ni gari kuzimika barabarani, na bei ya pampu haifanani na bei ya filta.

Dalili zinajulikana: gari kukosa nguvu mlimani, kusitasita unapokanyaga, kuchelewa kuwaka, pampu kulia kwa sauti ya juu. Lakini dalili hizo hizo huweza kuletwa na plagi au koili. Fundi mwenye geji ya kupima presha ya mafuta atajua kwa dakika chache, ilhali asiye nayo atakununulisha spea moja baada ya nyingine mpaka abahatishe. Na endapo pampu inabadilishwa, badilisha na filta papo hapo, kwani kiti kimeshang'olewa na ufundi umeshalipiwa.

Hapa wengi huchanganya jambo jingine. Filta haitibu mafuta yaliyochakachuliwa. Mafuta ya taa huyeyuka ndani ya dizeli au petroli na kupita kwenye karatasi ya filta kana kwamba haipo. Ndiyo maana dawa ilitafutwa kwingine: Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchakachua kusiwe na faida. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo. Kazi ya filta ni mchanga, kutu na, kwa upande wa dizeli, maji.

Na dizeli ndiyo habari yenyewe kwa mwenye Hiace, Fuso au pikapu ya biashara. Huku gari likiwa la kisasa zaidi ndivyo filta inavyohitajika zaidi. Hiace za zamani, zile za injini ya 2L au 3L, zilivumilia mengi. Injini za kisasa za dizeli huhifadhi mafuta kwenye bomba moja lenye presha kubwa, nyingi zikifika baa 1,600 na zaidi. Tairi la gari dogo hujazwa baa 2 na kidogo. Kwa presha ya namna hiyo, chembe isiyoonekana kwa jicho hukwangua nozeli kama msasa. Maji nayo huleta kutu na kuondoa ulainishaji ambao pampu huutegemea kutoka kwenye dizeli yenyewe.

Maji hayo si lazima yatoke kwa mwizi. Katika unyevu wa pwani, tangi lililolala nusu hutoa jasho usiku. Filta nyingi za dizeli zina kifungulio chini cha kumwagia maji, na baadhi ya magari yana taa ya onyo kwenye dashibodi. Tajiri anayepokea hesabu kila jioni amuulize dereva kama taa hiyo imewahi kuwaka. Madereva wengine huiziba kwa utepe. Kitabu cha gari hutaja kilomita za kubadilisha filta. Kwa gari linalojaza mafuta popote linapofika, punguza kilomita hizo. Filta kadhaa kwa mwaka bado ni fedha ndogo mbele ya seti ya nozeli nne, achilia mbali siku ambazo gari halitaleta hesabu.

Kwa mwenye duka, basi, mtaji uelekee kwenye dizeli. Filta za ndani ya tangi ziagizwe chache, kwa aina za magari zinazojulikana mtaani, tena ziwekwe jirani na pampu kwa sababu huuzwa pamoja. Zile za chuma za petroli zipunguzwe mwaka hadi mwaka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo soko la Mombasa haliongezewi magari yanayozitumia. Tanzania haizuii, hutoza ushuru zaidi kwa magari makuukuu, na kwa sababu hiyo ya zamani yatakuwapo kwa muda.

Kabla ya kulipia katoni, nunua moja, uikate kwa msumeno. Linganisha mikunjo ya karatasi na ile ya filta halisi, na tazama kama gundi imeshika pande zote. Karatasi iliyoachia pembeni hupitisha uchafu wote, na boksi zuri halisaidii nozeli.

Vikopo vya plastiki vya kabureta visitupwe. Pikipiki na jenereta bado zinavitumia.