Moto Ukeshao

Mchungaji au mwindaji alalaye porini huhitaji moto utakaodumu hadi alfajiri. Moto wa namna hiyo hautegemei wingi wa kuni tu, bali hutegemea jinsi joto na hewa vinavyotawaliwa.

Joto huivunja miti na kuitoa gesi. Gesi hizo, zikiungana na oksijeni ya hewani, ndizo zifanyazo ndimi za moto. Zikiisha, hubaki kaa, nalo huungua polepole bila ya ndimi ndefu. Kuni mbichi, ambazo nusu ya uzito wake huweza kuwa maji, huudhoofisha moto. Kwani kugeuza kilo 1 ya maji yaliyokwisha kuchemka kuwa mvuke hula kiasi cha kilojuli 2,260 za joto.

Gogo lililo peke yake aghalabu huzimika, kwa sababu joto lake hutawanyika. Magogo matatu yaliyokaribiana hupashana joto. Ndiyo maana hupangwa vichwa vikikutana katikati, mfano wa miale ya jua, na kila yanapopungua husukumwa ndani. Vijiti huwaka upesi, maana hewa huvizunguka pande zote. Gogo nene huungua kwa saa nyingi.

Wahenga walinena kwamba moto huzaa jivu, yaani mzazi hodari huweza kupata mtoto dhaifu. Hata hivyo, mtoto huyo humlinda mzazi wake. Jivu likiyafunika makaa, huzuia joto lisipotee na hupunguza hewa iingiayo. Asubuhi jivu hufukuliwa, majani makavu huwekwa, na moto hupulizwa ukawaka tena.

Lakini makaa yapatayo hewa haba hutoa kwa wingi kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii huishika hemoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata mwili ukakosa oksijeni. Jiko la makaa likiingizwa katika chumba kilichofungwa wakati wa baridi, huweza kuwaua waliolala pasipo hata mmoja wao kuamka. Kutokuwapo kwa moshi si dalili ya usalama.

Kwa hiyo, moto wa kukesha mahali pake ni nje. Jiko la ndani halina budi kutolewa kabla ya watu kulala, hata kama makaa yake yaonekana kuwa majivu matupu.