Kupima Haja za Moyo za Wanafunzi: Tatizo la Maneno

Mwalimu wa leo hatakiwi kujua tu kama mwanafunzi ameiweza hesabu au kusoma. Hutakiwa pia kutambua kama mtoto ana dhiki moyoni na kama anapatana na wenzake. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya wataalamu wa elimu na tiba. Lakini sehemu yake kubwa ni kazi ya lugha, maana hali ya moyo haionekani kwa macho: mwalimu huijua kwa maneno ya mtoto, ya mzazi, na yake mwenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi neno lisilochaguliwa vema liwezavyo kumficha mtoto mwenye shida, na kutaja njia za kuepuka hasara hiyo.

Katika vyombo vinavyotumika sana kwa upimaji huu, mojawapo ni hojaji iliyotungwa Uingereza na Robert Goodman, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto, na kutangazwa mwaka 1997. Ina maelezo 25 katika mafungu matano: huzuni na hofu, mwenendo, kutotulia, uhusiano na wenzake, na wema kwa wengine. Kila elezo hujibiwa kwamba si kweli, ni kweli kiasi, au ni kweli kabisa, na majibu hupewa alama kutoka 0 hadi 2. Alama za mafungu manne ya kwanza hujumlishwa pamoja, na jumla yake haizidi 40. Hojaji hiyo imefasiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Jumla hiyo si hukumu ya ugonjwa. Ni ishara tu kwamba mtoto atazamwe kwa makini zaidi.

Ada ya wafasiri wa vyombo vya namna hii ni kuyarudisha maneno katika lugha ya asili ili kuona kama maana imebaki. Jaribio hilo lafaa, lakini halitoshi. Neno laweza kurudi salama katika Kiingereza huku uzito wake wa sifa au lawama ukiwa umepotea njiani. Na tuitazame mifano michache.

Haya. Mtoto akionea watu haya, husifiwa kwamba amelelewa. Asiye na haya ndiye alaumiwaye. Basi mwalimu akiulizwa kama mwanafunzi ana haya nyingi, huenda akajibu kwa furaha kwamba ndiyo, akidhani ameulizwa habari za adabu, kumbe ameulizwa habari za mtoto ashindwaye kusema mbele ya wenzake. Aibu na soni ziko karibu na haya, ila kila moja ina mpaka wake, na woga ni jambo jingine kabisa.

Mtulivu, mpole. Haya nayo ni maneno ya sifa. Darasani, penye watoto wengi na mwalimu mmoja, mtoto asiyesumbua hushukuriwa. Lakini utulivu wa mtoto aliyeridhika na ukimya wa mtoto aliyefiwa vyaweza kuitwa kwa jina moja. Wahenga walikwisha kuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mtundu, mtukutu, mkorofi. Maneno haya hutaja tabia kana kwamba ni umbile la mtu. Akishaitwa mtukutu, mtoto hutafutiwa adhabu, wala haulizwi tena ni kitu gani kilichomwondolea utulivu.

Wasiwasi. Neno hili lina maana ya hofu isiyokoma, lakini pia shaka: nikisema nina wasiwasi na fulani, maana yake simwamini. Msomaji aweza kuchukua upande wowote.

Upande wa mtoto mwenyewe kuna tatizo jingine. Wataalamu wana istilahi zao, kama sonona na msongo wa mawazo, lakini ni nadra mtoto wa darasa la tatu kusema hivyo. Yeye husema roho inamuuma, au ana mawazo, au tumbo linamuuma kila asubuhi ya kwenda shule. Goodman mwenyewe aliweka maumivu ya kichwa na tumbo katika fungu la huzuni na hofu, wala si katika habari za afya ya mwili. Tena sarufi nayo ina mtego wake. Mtoto akiulizwa, "Huna rafiki?" naye akajibu, "Ndiyo," amekiri kwamba hana. Mwandishi aliyezoea Kiingereza aweza kuandika kwamba anaye.

Yafaa basi kufanya nini? Kwanza, swali liulize tendo lililoonekana, si sifa. Badala ya kuuliza kama mtoto ni mpole, na iulizwe: wakati wa mapumziko hucheza na nani? Akiitwa kusoma mbele ya darasa hufanyaje? Pili, mtoto alinganishwe na nafsi yake ya zamani: aliyekuwa msemaji akanyamaza ana habari kuliko aliyekuwa kimya tangu mwanzo. Tatu, kabla ya hojaji kutumika, walimu na wazazi waombwe kueleza ni mtoto wa namna gani wanayemfikiria wasomapo kila neno. Hapo ndipo sifa iliyojificha hutokea.

Wala kupima si mwisho wa kazi. Mtoto aliyetambuliwa na kuachwa hakusaidiwa kitu. Aitwe kando, si mbele ya wenzake. Mlezi wake asikilizwe kabla ya kushauriwa. Na shida ikizidi uwezo wa shule, apelekwe kwa wataalamu wa afya. Jina la shida lisiandikwe wala kusemwa mahali wenziwe watakapolijua, maana jina likishika halitoki upesi.

Katika shule nyingi za msingi za serikali ya Tanzania mtoto hufundishwa kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho hueleza uchungu wake. Hata hivyo asemavyo mtoto wa Mombasa si lazima asemavyo wa Unguja au wa Tabora. Kuyakusanya maneno hayo kutoka vinywani mwa watoto wenyewe, mahali kwa mahali, ni kazi iwafaayo wanafunzi wa lugha, na faida yake itafika darasani kabla haijafika kamusini.